Fomu Tisa Nilizojaza kwa Mkono Wangu

Alhamisi, mwezi wa saba. Upepo tangu alfajiri, na baridi ya kuingia mpaka kwenye mifupa.

Leo nimevaa sweta la binti yangu chini ya kitenge na bado nimetetemeka. Nusu ilikuwa baridi. Nusu nyingine ilikuwa woga, na huo ndio nataka niuandike hapa kabla sijaanza kujidanganya kwamba sikuogopa.

Niliogopa sana.

Kwa ambaye hanijui: mimi ni mama, naishi Utemini, nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Nilisoma mpaka darasa la saba nikaishia hapo. Blogu hii alinifungulia binti yangu Neema kwenye simu. Aliniambia, "Mama, unaongea peke yako jikoni kila siku, bora uwe unaandika." Basi naandika. Mkikuta makosa mnisamehe, nimekaa kwenye kigoda na sufuria ya maharage iko motoni.

Jambo lenyewe ni la kiwandani, tena kosa ni langu mimi, kwa hiyo nitalisema lote isipokuwa kitu kimoja. Hicho kimoja si changu.

Kiwanda chetu msimu huu kina mwenyewe mpya. Yule wa zamani tulifanya naye kazi kienyeji, asubuhi unafika, unapewa ungo, unapepeta, jioni unaondoka. Huyu mpya anataka mikataba. Tulifurahi jamani. Miaka yote hiyo hakuna karatasi hata moja inayosema kwamba mimi ni mfanyakazi wa mahali.

Jumatatu akaja afisa utumishi, kijana kutoka Dodoma. Kijana mpole. Alituamkia shikamoo mmoja mmoja, wanawake kumi na wawili tuliokaa kwenye turubai la alizeti, hakumruka hata mmoja, mpaka tukampenda. Akatoa fomu. Kurasa nne kila mtu. Akasema fomu ikirudi imejaa, mkataba unafuata, isiyojaa hana la kufanya nayo.

Sasa, kati yetu kumi na wawili wanaojua kuandika vizuri ni watatu. Wawili wakachukua zao wakaenda kukaa pembeni. Waliobaki, wote tisa, wakanigeukia mimi.

Ndivyo tulivyozoea. Barua ikitoka shule, nasoma mimi. Karatasi ya kliniki, nasoma mimi. Meseji ya msiba, wananipa simu nasoma kwa sauti, na aliye jirani anasikia naye, kwa sababu kazi yetu ni ya kukaa duara na mikono imejaa alizeti. Hakuna anayesoma kimya pale. Kusoma kwetu ni kusoma kwa wote.

Nikaanza. Jina. Tarehe ya kuzaliwa, na wengi hawaijui, tukawa tunakisia na kucheka, huyu kazaliwa mwaka wa njaa, huyu kazaliwa kabla ya mdogo wake. Kabila. Dini na dhehebu. Umeolewa, umeachika, mjane, au hujaolewa, na kama uko peke yako eleza sababu. Watoto wangapi, na jina la baba wa kila mtoto. Una mimba? Unatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Una ugonjwa wowote wa kudumu? Unatumia dawa gani? Unatibiwa wapi?

Nisiseme uongo. Nilipofika kwenye hayo maswali moyo ulisita kidogo. Lakini nilikuwa nimeshanogewa. Wenzangu wananiita mwalimu, kalamu iko mkononi, mwandiko wangu umenyooka, na yule kijana amesimama pale anasema, "Mama una mwandiko mzuri." Tangu niache shule hakuna mtu aliyenisifia mwandiko. Nikaendelea.

Ikafika zamu ya mwenzangu mmoja. Nitamwita Mama Zaina, ingawa siyo jina lake. Ni mkubwa kwangu, ndiye aliyenifundisha kupepeta nilipofika pale sijui hata kushika ungo, na siku niliyofiwa na mama yangu alinibebea zamu yangu siku nne bila kuniambia. Yeye kazi yake siku hizi ni kujaza mafuta kwenye chupa, ndani, kivulini. Amestahili, mgongo wake si wa kuinama tena.

Nilipomuuliza la ugonjwa wa kudumu, akavuta kanga mabegani. Akamtazama yule kijana aliyekuwa amesimama hatua chache.

Nikaelewa. Nikajiona mjanja. Nikamuuliza tena kwa Kinyaturu, polepole, ili mgeni asisikie.

Na yeye akanijibu kwa Kinyaturu.

Nikaandika.

Naomba mnielewe nilichofanya, maana mimi mwenyewe sikukielewa mpaka kesho yake. Mtu tuliyemficha alikuwa Mgogo wa Dodoma, hajui hata neno moja la kwetu. Waliopaswa wasisikie walikuwa wamekaa pale pale, magoti yanagusana, wote wa Ikungi na Puma na huku mjini, na kila neno walilielewa kuliko hata wangelisikia kwa Kiswahili. Halafu nikalichukua neno hilo hilo, nikaligeuza Kiswahili safi, nikaliandika kwenye karatasi kwa yule tuliyemficha.

Kwa hiyo hakuna aliyebaki bila kujua. Lugha zote mbili nilizonazo nilizitumia.

Nikamshika mkono, nikakibonyeza kidole gumba chake kwenye wino, nikakiweka chini ya karatasi. Nikamwambia, "Tayari dada, mkataba huo." Akasema asante.

Alichoniambia hakitaandikwa hapa. Kilishaandikwa mara moja kwa mkono wangu, hiyo inatosha. Na hata haya ninayoyaandika nimemuomba ruhusa leo. Kasema andika, watu wajue, ila usinitaje.

Jumanne mchana tukala kama kawaida. Sisi huchanga, huyu analeta ugali, huyu dagaa, na Mama Zaina huleta mlenda. Mlenda wake tunaugombania, yaani siku nyingine bakuli linafunuliwa na mikono mitatu imeshaingia. Jumanne lilifunuliwa, likakaa. Mmoja akasema tumbo halimkai vizuri. Mwingine akasema amekula nyumbani. Likakaa vile vile mpaka juu pakashika ngozi.

Mama Zaina akalifunika, akalifunga kwenye kanga yake.

Hata mimi sikuchovya.

Mimi sikuwa nasikia kinyaa, Mungu ni shahidi. Nilishindwa kumtazama usoni, na ukichovya kwenye bakuli la mtu lazima umtazame. Lakini yeye atajuaje tofauti? Mkono ambao haukufika kwenye bakuli ni mkono ambao haukufika.

Jumatano asubuhi msimamizi wetu akamtoa kwenye chupa. Akampeleka uani kuzoa mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, na upepo huu wa mwezi wa saba unavyopeperusha vumbi mtu hata kuona haoni. Akamwambia mkataba wake "utaangaliwa". Mama mwenye umri ule. Alizoa mpaka jioni. Nilimwona anasimama kila baada ya muda kushika kiuno.

Jioni, jua likiwa bado lipo, nikaenda kwake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani ya kuomba radhi. Aliponifungulia nikamwamkia, akaitika, akanipa kiti, akaendelea kuchambua mboga zake. Nikaanza kulia kabla sijasema lolote, ndivyo nilivyo. Akaniacha nilie kwanza.

Halafu akasema, "Mama Neema, sikulaumu kwa kuuliza. Karatasi iliuliza. Ila mimi ningekuwa najua kuandika, lile swali ningeliruka, na nani angejua?"

Maneno hayo nimekwenda nayo kulala na nimeamka nayo.

Kwa sababu sasa nije kwenye fomu yangu mimi. Fomu yangu niliijaza ya mwisho, peke yangu, kimya, sikumsomea mtu. Na kuna swali moja pale niliandika "hakuna", na jibu la kweli si hakuna. Sisemi ni swali lipi. Niliandika hakuna, nikapiga nukta, nikasaini, nikaenda nyumbani nikala ugali.

Yaani mimi mwenye kalamu nilijipa nafasi ya kujificha. Wale tisa sikuwapa. Haikunijia hata akilini kwamba nao wanaweza kukataa. Niliuliza tu, na wao kwa heshima wakajibu, maana umezoea kwamba mtu akikuuliza huku ameshika kalamu, unajibu.

Asubuhi ya leo nikamwambia baba Neema naenda ofisini kuzidai zile fomu. Alikuwa anafunga viatu. Akafunga cha pili, nikadhani atakataa. Akasema, "Wakikufukuza kuna jembe." Halafu akaniambia nivae sweta.

Mama Zaina hakuja kazini leo. Nafasi yake kwenye chupa amewekwa msichana mwingine. Nilipoona hivyo, miguu ikanipeleka yenyewe.

Yule kijana alikuwa mezani. Msimamizi naye alikuwa pale mlangoni, ameegemea, anakunywa chai. Nikaitikia shikamoo, nikakaa bila kukaribishwa.

"Mwanangu, naomba zile fomu nilizoandika mimi. Zote tisa."

"Mama, fomu ikishafika ofisini ni ya ofisi."

"Mwandiko ni wangu."

"Mwandiko wako, taarifa zao, fomu ya ofisi," akasema, kwa upole kabisa, na nusura niinuke niondoke. Upole una nguvu kuliko ukali. Mkali unamkasirikia ukapata la kusema. Mpole unamshukuru ukatoka.

Msimamizi akaitia chumvi, akapaza sauti ili wa nje nao wasikie. "Mama Neema ungo ameutupa, siku hizi ni wakili wa alizeti."

Wakacheka kule nje. Mimi nami nikacheka kidogo, kwa woga. Lakini nikabaki kwenye kiti.

Nikamwambia yule kijana achukue fomu moja, yoyote, anisomee mstari wa mwisho kabisa, pale juu ya dole gumba. Akasoma: "Nimesoma na kuelewa maelezo yote hapo juu na nathibitisha kuwa ni ya kweli."

"Nani kasoma?" nikamuuliza.

Akarudi kwenye karatasi, akalitazama lile dole.

"Hakuna aliyesoma, mwanangu. Hawajui kusoma, ndiyo maana wakaja kwangu. Na mimi nilipomaliza sikuwarudia kuwasomea. Niliwashika mikono nikawabonyezea wino. Huo mstari ni uongo mara tisa, na aliyeufanya nipo hapa mbele yako."

Hapo akaiweka karatasi chini. Sikujua nitasema nini tena, nikasema lililokuja.

"Halafu unieleze na hili. Kumimina mafuta kwenye chupa kunahusiana nini na majina ya wanaume niliozaa nao?"

Alijaribu asicheke. Alishindwa. Msimamizi hakucheka. Kijana akasema fomu hakuitunga yeye, imetoka kwa mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda kaitoa sijui wapi. Nikamuuliza msimamizi alijuaje la Mama Zaina mpaka akamtoa kwenye chupa. Kijana akasema taratibu kwamba msimamizi aliomba fomu Jumanne ili apange zamu.

Kumbe zilikuwa mezani tu. Mtu akitaka, anafungua, anasoma maisha ya watu huku anakunywa chai.

Msimamizi akasema, "Mimi nalinda kiwanda." Nikamwambia kiwanda hakijaumwa. Sijui niliitoa wapi hiyo. Mimi ninayeogopa hata kuomba chenji dukani.

Mwisho kijana akafanya mambo mawili. Alizichukua fomu zote kumi na mbili, akazitia kwenye bahasha kubwa, akaifunga kwa gundi, akaitia kwenye droo na kufuli. Nilitazama mpaka ufunguo ukaingia mfukoni mwake. Halafu akaniambia mwenye kiwanda anakuja kesho asubuhi, na kama tunataka fomu zirudi tulete ombi kwa maandishi. "Mdomo hautatosha, mama. Na mimi mwenyewe nitakuwepo, nitasema nilichokiona."

Kama atasema kweli sijui. Ni kibarua kama sisi.

Mchana sikula. Nilipata karatasi mbili za daftari, nikaandika. Si ndefu. Inasema sisi tuliowekewa dole gumba hatukusomewa fomu. Tunaomba zirudi. Tutajaza jina, mahali tunapoishi, kazi tunayofanya, na mtu wa kupigiwa simu tukiumia. Mengine hatujibu. Na tunaomba aliyehamishwa kwa sababu ya fomu arudishwe kwenye kazi yake.

Zamani ningeisoma palepale kwenye turubai, kwa wote. Leo hapana. Nilimwita mmoja mmoja nyuma ya mashine ya kukamua, pale kelele ilivyo kubwa hata ukipiga mayowe mtu wa hatua mbili hasikii. Nikamsomea sikioni. Nikamwambia, unaweza kukataa, na ukikataa hapa hakuna atakayejua ila mimi na wewe.

Ilinichukua muda mrefu kuliko Jumatatu. Kumsomea mtu mmoja sikioni ni kazi. Unasikia pumzi yake inapofika kwenye neno zito.

Sita walikubali. Mmoja wao aliniambia usiku ule wa Jumatatu hakulala, anafikiria aliyoyasema mbele yetu kuhusu mume wake. Nilikuwa nimeshasahau aliyoyasema. Yeye hakusahau.

Wawili walikataa. Mmoja alisema, "Yangu nilishayasema, na kazi naihitaji, dada." Sikumbembeleza. Ndiyo maana ya kumpa mtu nafasi ya kukataa, uikubali hata akikukatalia wewe.

Akabaki wa tisa.

Nilipotoka kazini nikapitiliza kwa Mama Zaina. Nilimkuta jikoni, moto umewaka, ananitazama kama mtu aliyechoka kutazamwa. Nikamweleza yote, kuanzia sweta mpaka bahasha. Nilipofika kwenye "wakili wa alizeti" akaguna, na nusu ya guno lile lilikuwa kicheko, nalijua.

Akaniuliza, "Hii barua umewasomea kule kwa sauti?"

"Hapana dada. Mmoja mmoja, nyuma ya mashine."

"Basi nisomee na mimi."

Nikamsomea. Akasema rudia. Nikarudia. Akaniuliza, "Hilo neno la kukataa liko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Hatujibu.

Sikuwa na wino wa muhuri, nikavunja kalamu, nikampaka kidole gumba. Nikamwonyesha nafasi yake kule chini, chini ya wenzake sita. Akatikisa kichwa. Hakukiweka kule. Alikiinua mwenyewe, mimi sikumshika mkono safari hii, akakiweka juu pale pale kwenye lile neno, karibu kabisa, nusu ya dole imelifunika. Akakibonyeza, akakaa nacho kidogo, akakitoa.

"Hapo," akasema. "Wakitaka kulisoma wanipitie mimi kwanza."

Halafu akapakua. Ugali wa mtama na mlenda. Nilikula mpaka nikalikwangua bakuli kwa kidole, tena nilimtazama usoni kila nilipochovya. Hakusema kitu kuhusu Jumanne. Aliniongezea tu.

Sasa barua iko ndani ya Biblia, nimeibana isikunjike. Neema ameisoma, akataka kunirekebishia maneno mawili, nikamwambia yaache yalivyo. Madole saba ya wenzangu yapo na sahihi yangu. Na kesho hiyo hiyo nitaiomba fomu yangu pia. Pale nilipoandika "hakuna" sitaki pabaki hivyo. Niliandika uongo kwa sababu nilidhani njia ni mbili tu, kusema au kudanganya. Nitapafuta, niandike sijibu, kwa mwandiko wangu ule ule uliosifiwa.

Sijui mwenye kiwanda ni mtu wa namna gani. Anaweza kunisikiliza. Anaweza kuniambia nichukue ungo wangu niende. Nimewaza ya chakula, ya sare za shule, ya Mama Zaina kupoteza hata hiyo kazi ya kuzoa mashudu kwa sababu yangu kwa mara ya pili. Nimeyawaza yote, maharage yameungua chini kwa ajili hiyo.

Lakini mkono ulioandika ni huu. Hakuna mwingine wa kwenda kuomba virudi ulivyoviandika.

Saa mbili asubuhi nitagonga ule mlango. Najua nitatetemeka. Mikono na itetemeke tu, ilimradi barua isianguke.